Kompyuta Isiyosikia "Batoto"

Jamani mnaotuletea kompyuta za kituo cha vijana, acheni kutuchagulia programu ya kuandika kwa sauti mkiwa Nairobi.

Ile ya Google ina Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Cha Kongo hakimo. Mama wa Fizi akisema "batoto bangu", inamwandikia inachojua yenyewe, na karatasi hiyo ndiyo inaingia kwenye faili lake la ukimbizi. Jina la kijiji likikosewa, ofisa haulizi kompyuta. Anamuuliza mama: mbona leo unasema vingine?

Tena inataka intaneti. Yaani habari za mtu aliyekimbia vita zinapita kwanza kwenye mitambo ya kampuni ndipo zirudi kuwa maandishi. Nani alimwomba ruhusa?

Whisper ya OpenAI ilitoka 2022, ni bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila mtandao. Kiswahili chake kinachechemea, sikatai, na hizi kompyuta zetu zilizochoka itazichosha zaidi. Lakini sauti inabaki mezani. Mimi nachagua hiyo, na kijana anayejua Kibembe akae pembeni asahihishe, alipwe. Pesa za fulana za Juni 20 huwa zinapatikana. Na za huyu kijana zipatikane.