Acheni kuwapa wanaoanza raketi za kichwa kidogo!

Wadau, leo naweka programu kando kidogo (si mbali sana, mtaona), kwa sababu kuna jambo limenikera na nisipoliandika litaniharibia wiki nzima.

Jumamosi iliyopita nilimkuta uwanjani kijana anayejifunza tenisi, huu ni mwezi wake wa tatu. Mkononi ana raketi ya mtumba, kuukuu lakini maridadi, kichwa chake inchi 85 za mraba. Mpira mmoja unavuka wavu, miwili inamfia mkononi. Kiwiko kimeanza kumuuma. Nikamuuliza ni nani aliyemchagulia. Akasema mwalimu wake amemwambia kichwa kidogo kinafundisha nidhamu, ukikizoea hicho mpigo wako hautayumba tena maisha yako yote, na kwamba vichwa vikubwa ni vya wazee na akina mama. Sasa anafikiria kuuacha mchezo kabisa, kwa sababu anaamini kosa ni lake.

Kosa si lake, jamani! Na mimi nimechoka kuusikia wimbo huu.

Hebu tuangalie kinachotokea. Mpira ukigonga katikati ya nyuzi, raketi inasukumwa nyuma moja kwa moja na mambo yanaenda sawa. Ukigonga pembeni, hata sentimita 3 tu kutoka mstari wa katikati, raketi inajisokota mkononi kama mpini wa jembe lililogonga jiwe. Uso wa nyuzi unainama, mpira unakwenda kule ambako hukuutuma. Mguso huo wote unachukua takriban milisekunde 5. Mpira umeshaondoka kabla ubongo wako haujapata habari, kwa hiyo hiyo nidhamu unayoambiwa ungeitumia saa ngapi? Kinachoizuia raketi isijisokote ni uzito wa fremu na umbali wa uzito huo kutoka mstari wa katikati. Na umbali unahesabiwa kwa kipeo cha pili: ongeza upana kwa asilimia 10, uzito ukibaki uleule, na ukinzani unapanda kwa asilimia 21. Hiyo ni hesabu ya sekondari tu.

Tena si jambo jipya. Howard Head, mhandisi wa ndege wa Marekani aliyetajirika kwa kutengeneza ski, alianza tenisi akiwa mtu mzima na akawa mchezaji dhaifu kama wengi wetu. Raketi ilikuwa inamsokota mkono. Enzi hizo kichwa cha raketi ya mbao kilikuwa kama inchi 70 za mraba hivi. Badala ya kujilaumu, akakipanua. Mwaka 1976 akapata hataza yake, na kampuni ya Prince ikatoa raketi ya inchi 110. Watu wakaicheka. Mwaka 1978 Pam Shriver, binti wa miaka 16, akaingia nayo fainali ya US Open baada ya kumtoa Martina Navratilova. Kicheko kikapungua.

“Lakini Sampras!” Najua, najua. Kila mara nikianza mjadala huu kuna mtu anamleta Pete Sampras, mataji 14 ya Grand Slam, Wilson ya inchi 85 mpaka siku ya mwisho, US Open ya 2002. Sawa. Lakini Sampras alikuwa ameijaza raketi ile vipande vya risasi mpaka ikawa nzito kupita zote mnazozijua, na mkono wake ulipata katikati ya nyuzi mara nyingi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Na pale ambapo mpira unadunda juu na kuja na mzunguko mwingi, kwenye udongo wa Paris, hakuwahi kushinda, nusu fainali ya 1996 ndiyo iliyokuwa kilele chake. Andre Agassi, mwenzake wa rika lile lile, alicheza na vichwa vya takriban inchi 107 karibu maisha yake yote, na mwaka 1999 akakamilisha mataji yote manne hapo hapo Paris. Na kuhusu hilo la “akina mama”, Serena Williams amestaafu na mataji 23 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja, akitumia miaka mingi raketi ya inchi 104. Ningependa kumwona mwalimu yule akimweleza Serena habari za nidhamu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu wapinzani wangu wana hoja moja nzuri na nitawapa haki yao. Wanasema wameshika raketi mpya ya inchi 100 na imejisokota vilevile kama ya zamani. Ni kweli! Kichwa cha inchi 100 chenye umbo lile lile kina ukinzani zaidi kwa kama asilimia 18 kuliko cha 85, ila tu kama uzito ni sawa. Raketi ya zamani ina gramu 340, mpya ina 300. Piga hesabu uone: faida karibu yote inaliwa na wepesi, inabaki kama asilimia 4. Maana yake ni kwamba kile wanachokipenda kwenye raketi yao ni uzito, lakini sifa zote wamekipa kichwa. Makosa ya aina hii tunayafanya kila siku kwenye programu, unabadilisha vitu vitatu kwa mpigo kisha unamsifu kile unachokipenda.

Hilo linanileta kwa Roger Federer, ambaye pande zote mbili humtumia vibaya. Alicheza miaka na inchi 90. Mwaka 2013 akatolewa Wimbledon raundi ya pili, akajaribu inchi 98, akarudi 90, kisha 2014 akahamia 97. Mwaka 2017 mpigo wake wa nyuma, ule ambao Rafael Nadal aliutesa miaka kumi, ukamshinda Nadal fainali ya Australian Open na mara tatu nyingine mwaka huo. Je, ni kichwa tu? Hapana, alikuwa amepumzika miezi sita kwa jeraha na ana kocha mpya. Lakini angalieni alichokifanya: alikuza kichwa, uzito akaubakisha, gramu 340 bila nyuzi. Hakuuziwa wepesi.

Na ile “hisia” je? Ipo, siikatai. Fremu ndogo inayonepa inatetemeka mkononi ukikosea, na inatulia ukipatia, kwa hiyo tofauti unaisikia waziwazi. Ni ujumbe wa hitilafu. Lakini ujumbe wa hitilafu unamfaa anayeweza kuusoma. Anayeanza akipata hitilafu mara 70 kati ya 100, hasomi tena, anabonyeza tu kitufe aondokane nayo. Hakuna mwalimu wa programu anayempa mwanafunzi tarakilishi inayozimika kila akisahau nukta, eti azoee.

Kitu kingine kinachowapotosha ni nyuzi. Kichwa kikubwa kina nyuzi ndefu, hivyo ukizikaza kwa pauni zilezile za raketi yako ndogo zinakuwa laini, mpira unapaa, nawe unasema “haina udhibiti”. Kaza pauni 3 au 4 zaidi kisha tuongee. Nyepesi mno? Bandika gramu 4 za risasi kila upande wa kichwa, pale kilipo kipana zaidi. Kwa raketi ya kawaida hiyo ni kama asilimia 9 ya ukinzani wa ziada kwa bei ya chai na mandazi. (Kiwiko ni kesi nyingine, kina sababu nyingi, nyuzi ngumu za poliesta zikiwemo, siilaumu raketi peke yake.)

Kwa anayepiga kwa nguvu zote na kupata katikati kila mara, chukua 90 yako, sina ugomvi nawe. Mpo wangapi?

Jumamosi ijayo kijana wangu anachukua raketi yangu ya akiba, inchi 100, risasi nimeshabandika. Mwalimu wake akiwa na swali anajua uwanja ninaochezea.