Mchezo wa Kale Ukifufuliwa, Usizikwe Ule wa Awali

Kwa miaka mingi sasa watengenezaji wa michezo ya video wamekuwa na ada ya kuichukua michezo ya kale, ile ya kukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, na kuichora upya ili iwe na kina. Mhusika aliyekuwa akienda kushoto na kulia, juu na chini tu, sasa huzunguka kote mithili ya mtu aliye uwanjani. Wapo wanaoshangilia kila mageuzi ya namna hii, kana kwamba kina ni maendeleo na ubapa ni ushamba. Mimi sikubaliani nao.

Yeyote aliyevuka Mto Tana kwa mtumbwi hapa Ndera ataielewa hoja yangu. Anayekutazama kwa ubavuni unapojiandaa kuruka huiona wazi nafasi iliyoko kati ya mtumbwi na ukingo. Anayekutazama kutoka nyuma hubahatisha tu. Ndivyo ilivyo michezoni. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezaji hulipima shimo kwa jicho, na akitumbukia hujua kosa ni lake. Shimo hilo hilo likitiwa kina, hulazimika kukisia, na akitumbukia humlaumu aliyeuchora mchezo.

Je, kazi hiyo isifanywe kabisa? La hasha! Nintendo ilipotoa Super Mario 64 mwaka 1996, haikuzitwaa njia za kale na kuzinenepesha. Shigeru Miyamoto na wenzake waliunda viwanja vipya vya kuzurura, wakampa mchezaji kijiti cha kumwezesha kunyata au kukimbia, pamoja na uwezo wa kugeuza upande wa kutazamia. Kilichohifadhiwa ni raha ya kuruka. Kinyume chake, Prince of Persia 3D ilitoka mwaka 1999 ikiwa na kasoro nyingi. Mwanamfalme huyo hakusimama imara hadi mwaka 2003, The Sands of Time ilipomtungia kanuni mpya ya kurudisha wakati nyuma. Tena mwaka 2006 Nintendo yenyewe iliurejelea mwendo wa kushoto na kulia katika New Super Mario Bros., mchezo uliouza nakala zaidi ya milioni 30. Ubapa haukuwa umekufa.

Sisi wa Tana River tunao mfano wetu wa jambo hili. Wimbo wa taifa la Kenya ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Mwaka 1963 jopo la watu 5, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, liliuhifadhi muziki wake, likautungia maneno mapya na kuupanga uimbwe na umati mzima. Kazi hiyo ilifaulu kwa kuwa kiini hakikuguswa. Wala mama wa Kipokomo hakukatazwa kumbembeleza mwanawe kwa wimbo wa awali.

Hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2021, Rockstar Games ilipotoa upya michezo 3 ya Grand Theft Auto, nakala za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya intaneti. Wachezaji walilalamika, ndipo zikarejeshwa kwa wenye kompyuta. Kitendo kama hicho humuumiza zaidi asiye na uwezo. Kijana wa Garsen mwenye simu ya bei nafuu hawezi kuumudu mchezo mzito unaomeza nafasi yote ya simu na bando la wiki nzima. Mchezo bapa huenda bila taabu katika simu hiyo. Isitoshe, ndio mchezo ambao kijana huyo, akijifunza kuandika programu, anaweza kuutengeneza peke yake pasipo kampuni wala mtaji mkubwa.

Kwa hivyo nawasihi watengenezaji: atakaye kuufufua mchezo wa kale kwa kina aujenge upya kuanzia msingi, na ule wa awali auache dukani. Wazazi na walimu nao wasimcheke mtoto anayecheza mchezo wa kale. Huenda anajifunza kuunda wa kwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tusizisifu picha mpya hadi ladha ya mchezo ikatutoka.