Aangukaye Siye Mkosaji

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Methali hii yawafaa wanaotunza kompyuta zinazoendeshwa na Linux ya zamani, kama vile toleo la 2.6.32 la mwaka wa 2009. Ndani ya kiini cha mfumo huo, sehemu zote hutumia kumbukumbu moja pasipo ukuta baina yao. Moja ikiandika mahali pasipo pake, nyingine isiyo na hatia ndiyo huanguka baadaye. Ripoti basi humtaja mwathiriwa, si mkosaji.

Chombo kiitwacho KASAN, kiwezacho kumnasa mkosaji papo hapo, kiliingizwa katika Linux mwaka wa 2015. Katika matoleo yaliyotangulia, fundi huamuru kumbukumbu iliyoachwa ijazwe alama 6b. Alama hiyo ikijirudiarudia katika ripoti, ni dalili kwamba kilichoachwa kimetumiwa tena. Hata hivyo, sharti vipande vya kumbukumbu vyenyewe vipimwe kwanza, kwani huenda ubovu ni wa mtambo.

Kuzima na kuwasha si tiba. Kosa libakilo laweza kuharibu hata matokeo ya mitihani yaliyohifadhiwa. Walimu, tuwafunze vijana kuisoma ripoti kama matini, wasimhukumu aliyeanguka kabla ya kumtafuta aliyemsukuma.