Hiyo & si pambo

Wasee wa kuandika programu, tuongee kidogo. Kuna ushauri unazunguka kwa video za C++ ati kila funksheni ya klasi irudishe rifarensi juu ni fasta. Mimi sikubali.

Chukua klasi ya Akaunti. Ina salio, weka() na toa(). Akaunti a iko sufuri, unaandika a.weka(500).toa(200), unangoja 300. Sasa kama weka() inarudisha Akaunti badala ya Akaunti&, ile return *this inakupa nakala. Hiyo 200 inatoka kwa nakala, nakala inatupwa mstari ukiisha, na a inabaki na 500. Kompaila haisemi kitu! Mtu ameshapewa pesa zake na hesabu bado inasema ziko. Hebu fikiria hiyo ni programu ya chama cha mamako.

Hapo & ni lazima. Ndio maana unaweza kupanga << tano mfululizo baada ya cout: kila moja inarudisha rifarensi ya cout ileile, siyo nakala.

Lakini ukiipachika kila mahali unafika kwa int& salio(), inayorudisha salio lenyewe. Umeandika private, umelala vizuri, halafu mtu anaandika a.salio() = 1000000 na inakubali. Ule ukaguzi wote uliweka ndani ya toa() umerukwa. Umefunga duka na kufuli kubwa, ufunguo ukauacha ukining'inia mlangoni. Na hiyo fasta iko wapi? int kwa kompyuta zetu nyingi ni baiti 4, anwani kwa mashine ya biti 64 ni baiti 8. (Niliacha chuo, lakini hiyo hesabu naiweza.) Rudisha int ya kawaida, basi.

Kitu kikiwa kikubwa kweli, kama orodha ya miamala yote, rudisha const&. Mtu asome, asiguse. Na asikae nayo, kwa sababu akaunti ikifutwa atabaki ameshika anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Najua mtaniambia vector hurudisha rifarensi kwa []. Ndiyo, kwa sababu kazi yake ni kukuwekea vitu vyako uvibadilishe unavyotaka. Akaunti haikuwekewa private ndio kila mtu aguse salio. Watu wa video, hiyo tofauti mbona hamuisemi?