Hearts ya Uskoti: makocha wawili wamefukuzwa kwa miezi saba, lakini tatizo lilikuwa wapi?

Tarehe 22 Septemba 2024, komite ya Hearts of Midlothian, ekipe ya mji wa Edinburgh huko Uskoti, ilimfukuza kocha Steven Naismith. Tarehe 26 Aprili 2025, komite ileile ikamfukuza Neil Critchley, mwenye alikuja kuchukua nafasi yake. Makocha wawili kwa miezi saba. Na mwisho wa yote ekipe ikamaliza pa nafasi ya saba, wakati msimu wenye ulitangulia ilikuwa ya tatu.

Juu ya nini tuongelee jambo hili huku kwetu, mashariki ya Kongo? Sababu ya kwanza ni mtoto wa nyumbani. Katikati ya kiwanja cha Hearts kunacheza Beni Baningime, mwenye alizaliwa Kinshasa, akakomalia Uingereza katika shule ya mpira ya Everton, kisha akaenda Edinburgh mwaka 2021. Sababu ya pili ni swali lenye kila shabiki wa Goma, Bukavu, Bunia, Uvira ao Kindu analijua: ekipe ikianza kupigwa, nani anapashwa kulipa? Kila fasi jibu ni moja: kocha. Msimu wa Hearts unaonyesha kwamba jibu hilo ni rahisi kulitoa, lakini halitoshi.

Namna mambo yaliharibika

Tuanze na msimu wa 2023-2024. Chini ya Naismith, Hearts ilimaliza ya tatu, nyuma ya Celtic na Rangers. Kapiteni Lawrence Shankland alifunga magoli 24 katika shampiona peke yake. Nafasi ya tatu ilifungua mlango wa Ulaya, na Ulaya ni feza. Watu wa Edinburgh waliingia msimu mpya na matumaini makubwa.

Mwanzo haukuwa mbaya: sare ya 0-0 na Rangers. Kisha ikaja mvua ya vipigo. Dundee, Falkirk katika Kombe la Ligi, Motherwell, Dundee United, Celtic, St Mirren, na katikati ya zote hizo mechi mbili za Viktoria Plzeň ya Ucheki, zenye ziliifungia Hearts njia ya Europa League. Mechi nane mfululizo, zote zimepotea. Katika shampiona, mechi sita zilileta pointi moja tu. Ekipe ilikuwa ya mwisho kabisa. Siku moja kisha kipigo cha St Mirren, Naismith akaondoka.

Tuangalie vizuri: mtu huyu ndiye mwenye alikuwa amesifiwa miezi minne tu mbele ya pale. Hakuwa amesahau kazi yake wakati wa likizo. Mambo yenye yalibadilika ni mengine. Ekipe ilianza kucheza siku ya Alhamisi huko Ulaya, kisha siku ya Mungu katika shampiona, na miguu ni ileile. Shankland, mwenye alizoea kufunga karibu kila wiki, akakauka. Na wachezaji wapya hawakufika kiasi cha kubeba mzigo huo. Kocha alikuwa na sehemu yake ya kosa, hiyo ni kweli. Lakini haikuwa kosa lote.

Kocha mpya, hewa mpya, kisha?

Kila mtu mwenye kufuata mpira anajua jambo hili: kocha mpya akifika, wachezaji wanakimbia. Mwenye alikuwa kwenye benchi anataka kuonekana, mwenye alikuwa anacheza anaogopa kupoteza nafasi. Critchley alianza Oktoba kwa kuipiga St Mirren 4-0, ekipe ileile yenye ilimfukuzisha Naismith. Siku chache kisha, Omonia ya Saiprasi ikapigwa 2-0 katika Conference League. Watu wakapumua.

Lakini hewa mpya haidumu kama nyumba yenyewe haijatengenezwa. Katika Conference League, mechi tatu zikapotea moja kisha ingine, mbele ya Heidenheim, Cercle Brugge na Copenhagen. Mechi ya mwisho, mwezi wa Desemba, ilikuwa nyumbani Tynecastle mbele ya Petrocub, ekipe ndogo ya Moldova. Ushindi ungetosha. Ikawa sare ya 2-2, na Hearts ikatoka.

Katika shampiona, ekipe ilipanda kidogo kisha mwaka mpya, lakini haikufika kwenye ilitaka. Hapa tuelezane namna shampiona ya Uskoti inatembea. Ekipe ni 12. Kisha mechi 33, wanaikata katikati: sita za juu zinacheza kati yao juu ya kombe na nafasi za Ulaya, sita za chini zinacheza kati yao juu ya kutoshuka. Ekipe yenye inaanguka chini ya ule mstari haiwezi tena kupanda juu yake, hata ikipata pointi namna gani. Hearts ikabaki chini ya mstari. Kwa klabu yenye kiwanja cha watu karibu 20,000 chenye kinajaa, ile ilikuwa aibu.

Ilibaki Kombe la Uskoti. Tarehe 19 Aprili, katika nusu fainali mbele ya Aberdeen, Hearts ilipata kadi mbili nyekundu na ikapigwa 2-1 katika dakika za nyongeza. Goli la mwisho lilifungwa na Oday Dabbagh, mchezaji wa Palestina. Aberdeen ile ikaenda kuchukua kombe mbele ya Celtic kwa penalti. Wiki moja kisha nusu fainali, Dundee ikaja Tynecastle na kushinda 1-0. Siku ileile Critchley akafukuzwa. Liam Fox, mwenye alikuwa ameshika ekipe pia kisha Naismith kuondoka, akaimalizia msimu.

Nani ana klabu ile?

Hapa ndipo habari ya Hearts inakuwa tofauti na ya ekipe nyingi. Hearts haina tajiri mmoja mwenye anaamuru peke yake. Ni mali ya mashabiki.

Ilianza katika shida. Kwa miaka, klabu ilikuwa mkononi mwa Vladimir Romanov, mfanyabiashara wa Lithuania. Alileta wachezaji, alileta mishahara mikubwa, alifukuza makocha sawa vile mtu anabadilisha shati. Mwaka 2013 benki yake ilianguka, na klabu ikaanguka nayo. Ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikakatwa pointi 15 na ikashuka daraja mwaka 2014. Ilibaki kidogo tu ife kabisa.

Mashabiki ndio waliiokoa. Walikuwa wameanzisha shirika, Foundation of Hearts, na kila mwanachama anatoa mchango wa kila mwezi, sawa vile huku kwetu watu wanachanga katika AVEC ao MUSO. Ann Budge, mwanamke mfanyabiashara wa Edinburgh, alitoa feza za kuinunua klabu kwanza, na mashabiki wakamrudishia pole pole. Agosti 2021 shirika lao likapokea hisa 75.1 kwa mia. Leo ni moja ya klabu kubwa zaidi za Uingereza nzima zenye ni mali ya mashabiki.

Kwa hiyo mwaka 2025, watu wa Tynecastle walipokasirika, hawakuweza kusema tu “prezida aondoke na feza zake.” Feza ni zao. Kulipa kocha mwenye amefukuzwa, kumleta mwingine na wasaidizi wake, kisha kumlipa yule naye aende: ile inatoka katika mfuko wenye mama na baba wa Edinburgh wanajaza kila mwezi. Kila kosa la komite ni deni lao.

Kitu chenye kilibadilika kweli

Katika msimu uleule wa mateso, klabu ilifanya mapatano na kampuni yenye kuitwa Jamestown Analytics. Kazi yake ni kuchambua hesabu za wachezaji wa dunia nzima ili kuonyesha wenye bei ndogo na uwezo mkubwa. Inahusiana na Tony Bloom, mwenye klabu ya Brighton ya Uingereza. Njia hiyo imesaidia Brighton, na imesaidia pia Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji. Ni kutoka Union ndipo alikuja Elton Kabangu, mshambuliaji Mbelgiji mwenye asili ya Kongo, Januari 2025.

Lakini tusijidanganye: hesabu si dawa ya kila ugonjwa. Hesabu zilezile zilitumiwa pia katika kumchagua Critchley, na Critchley hakudumu. Kompyuta inaweza kukuonyesha mtu mwenye anafaa kwenye karatasi. Haiwezi kukuambia kama atashika chumba cha wachezaji wenye wamechoka na wenye wamepoteza moyo.

Somo lile komite ililisikia. Mei 2025 ikamleta Derek McInnes kutoka Kilmarnock, mtu mwenye anaijua shampiona ya Uskoti ndani na inje, mwenye aliongoza Aberdeen tangu 2013 mpaka 2021. Hesabu zitafute wachezaji, mtu mwenye uzoefu awaongoze. Kila mmoja na kazi yake.

Kisha ikaja swali kubwa zaidi. Bloom alitaka kuingiza pauni milioni 9.86 ili apate hisa 29 kwa mia. Kwa klabu yenye ilikuwa karibu kufa juu ya tajiri mmoja, mashabiki wangeweza kuogopa. Mapatano yakawekwa hivi: hisa za Bloom hazina haki ya kupiga kura. Feza zinaingia, ufunguo wa nyumba unabaki kwa wenye nyumba. Wanachama wakapiga kura, na wengi sana wakakubali.

Matunda yalionekana haraka kuliko watu walifikiri. Wachezaji wenye hakuna aliwajua wakaja: Cláudio Braga kutoka Aalesund ya Norway, Alexandros Kyziridis kutoka Slovakia. Septemba 2025 Hearts ikaipiga Rangers 2-0 huko Ibrox, na Shankland, yuleyule mwenye alikuwa amekauka, akafunga yote mawili. Tarehe 26 Oktoba ikaipiga Celtic 3-1 na kusimama kileleni na pointi nane mbele yake. Kesho yake kocha wa Celtic, Brendan Rodgers, akaacha kazi. Rangers nao walikuwa wamemfukuza Russell Martin mwanzo wa mwezi uleule. Tangu Aberdeen ilipochukua shampiona mwaka 1985, ni ekipe hizo mbili peke yake zenye ziligawana kombe kwa miaka 40. Ndiyo maana Uskoti mzima ulisimama kutazama.

Tujifunze nini?

Mtu anaweza kusema: si unaona, walifukuza makocha wawili na wa tatu akafaulu, basi kufukuza ni dawa. Hapana. Naismith alipoondoka, komite ilibadilisha mtu mmoja na kuacha mengine yote vilevile, na ikarudi kwenye shimo lile. Critchley alipoondoka, mambo matatu yalikuwa yamebadilika pamoja naye: namna ya kutafuta wachezaji, feza za kulipa kazi hiyo, na aina ya mtu wa kuongoza. Kocha wa tatu alikuta nyumba yenye msingi.

Huku kwetu tunajua ekipe zenye zinasimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Prezida akiwa na feza, mishahara inatoka, bisi ya safari inapatikana, wachezaji wanakuja. Prezida akichoka, ao siasa ikimpeleka pengine, ekipe inalala njaa na kocha anaambiwa yeye ndiye hajui kazi. Vita na barabara mbovu zinaongeza uzito, kweli. Lakini hata mahali kwenye hakuna vita, Edinburgh kwenyewe, klabu ilikaribia kufa juu ya mtu mmoja kushika kila kitu.

Hatuna pauni za Bloom. Lakini mchango mdogo wa kila mwezi, daftari lenye kila mwanachama anaweza kulisoma, na kanuni yenye inasema wazi nani ana sauti na nani anatoa tu feza, hivyo si mambo ya Ulaya. Mama wenye AVEC katika kartie zetu wanavifanya kila wiki, sanduku moja na funguo tatu kwa watu watatu.

Basi siku ekipe yako itapigwa mechi tano mfululizo na kelele itapanda kwenye tribini kwamba kocha aende, uliza kwanza: wachezaji walichaguliwa na nani? Walilipwa? Daftari la feza liko wapi? Kama hakuna mwenye anaweza kujibu, basi hata kocha mpya atafika, atashinda mechi mbili, na kisha naye atafunga mizigo.