Picha ya Bonds itabaki ukutani

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa darasa la wakubwa,

Wiki tatu zilizopita tulibandika ukutani kazi zenu za "Mtu Ninayemvulia Kofia". Alikuwepo Wangari Maathai, alikuwepo Eliud Kipchoge, walikuwepo bibi wanne wa familia nne. Na mmoja wenu alimchora Barry Bonds ameinua gongo, mpira umeshapaa kuelekea majini, kwenye ghuba ya San Francisco. Chini yake akaandika: "Hakuna aliyepiga kama yeye."

Tulipokuwa tunakunja viti, mzazi mmoja aliniita pembeni. Alizungumza kwa adabu, lakini nilimwona amekasirika. "Mwalimu, huyo alitumia dawa. Watoto tunawaleta hapa Jumamosi wajifunze lugha na maadili, halafu tunawatundikia mdanganyifu?" Nilimwambia nitalifikiria. Nimelifikiria, na namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Picha itabaki. Kilichopungua pale ni maneno chini ya picha, na kosa hilo ni langu mimi niliyeipokea kazi ile bila kuuliza swali hata moja.

Kwa wazazi ambao mnaiona besiboli kama watu waliovaa pajama wakingoja kitu kitokee (nami nilikuwa hivyo miaka yangu ya kwanza hapa Marekani), mpigaji akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani. Anazunguka vituo vyote vinne taratibu na hakuna wa kumzuia. Bonds alipiga homurani 762 kabla ya kuacha kucheza mwaka 2007, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu. Mwaka 2001 peke yake alipiga 73. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara 7. Mwaka 2004 timu pinzani zilimwogopa hadi mara 120 zikampa kituo cha kwanza bure, kwa makusudi, kuliko kumwachia nafasi ya kupiga.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2003 maafisa wa serikali waliipekua kampuni ndogo iitwayo BALCO, huko Burlingame, kusini kidogo ya San Francisco. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwapa wanamichezo steroidi zilizotengenezwa ili vipimo visizione: moja ya matone, nyingine ya kupaka. Mkufunzi wa mazoezi wa Bonds alihusika. Bonds alipohojiwa chini ya kiapo, alisema alidhani anapewa mafuta ya mbegu za kitani na marhamu ya maumivu ya viungo. Mwaka 2007 alishtakiwa kwa kusema uongo na kuzuia haki. Mwaka 2011 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa kosa moja tu, la kuzuia haki, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Ligi haikuwahi kumsimamisha hata siku moja kwa dawa hizo.

Kwa hiyo mahakamani yuko huru. Lakini mtu anayeutunza mwili wake kama mali, anayejua kila anachokula, asijue anachopakwa mkononi? Mimi siamini. Kabla ya mwaka 2001 hakuwahi kufikisha homurani 50 katika msimu mmoja. Akafikisha 73 mwaka ambao alitimiza miaka 37, umri ambao wapigaji wengi wameanza kuhesabu siku za kustaafu.

Watoto, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Mwalimu, dawa ya kumponya nini, wakati haumwi?" Kiswahili chetu hapa kinatubana. Tunasema "dawa za kusisimua misuli", na neno dawa linabeba heshima ya hospitali. Magazeti ya Kenya huandika "pufya", nami naona afadhali, maana halimdanganyi mtu kwamba kuna mgonjwa anayetibiwa. Steroidi hizi huiga homoni ya kiume. Misuli inakua upesi, uchovu unaisha mapema, na mtu anaweza kurudia mazoezi makali kesho yake. Kwa kijana ambaye bado anarefuka zinaweza kufunga mifupa isiendelee kukua. Zinaweza kudhuru moyo na ini, na kumfanya mtu awe mkali bila sababu.

Mzazi yule ananiambia: basi, umekubali mwenyewe kwamba alidanganya. Nimekubali. Ila nataka tuwaulize watoto wetu swali la pili, ambalo ukutani hatuwezi kuliuliza tukiishusha picha. Nani mwingine alijua?

Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali za mwaka huo zikafutwa, na watu wengi wakaisusa besiboli. Mwaka 1998 Mark McGwire na Sammy Sosa walishindana kupiga homurani, wakafikisha 70 na 66, na viwanja vikajaa tena. Wenye timu waliuza tiketi. Vituo vya televisheni viliuza matangazo. Kipindi hicho chote ligi haikuwa na vipimo vya steroidi vyenye adhabu. Adhabu zilianza mwaka 2004. McGwire alikiri mwaka 2010. Na kamishna aliyeiongoza ligi miaka hiyo yote, Bud Selig, aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Cooperstown mwaka 2017. Bonds amebaki nje. Waandishi wa besiboli walimpigia kura miaka 10, na mwaka wa mwisho, 2022, alipata asilimia 66 wakati zinatakiwa 75.

Wako wanaosema ni rangi yake. Sipuuzi kauli hiyo, kwani tunaishi hapa na tunajua tunayoyaona. Lakini Roger Clemens, Mzungu, mrushaji hodari kuliko karibu wote wa wakati wake, alinyimwa mwaka uleule kwa tuhuma zilezile. Mimi naona jambo ni jingine: wachezaji wamebebeshwa mzigo wote, na aliyeshika funguo za duka amepewa kiti cha heshima. Ningekuwa na kura, ningemwingiza Bonds, na kwenye kibao chake ningeandika BALCO kwa herufi zilezile za 762.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Mwaka 2014 wengi wetu tulishangilia Rita Jeptoo wa Kenya aliposhinda Boston Marathon. Mwaka huohuo alipatikana na EPO, akafungiwa, na ushindi ule akanyang'anywa. Aliyekuwa wa pili, Buzunesh Deba, Mwethiopia anayeishi New York, alitangazwa mshindi baada ya zaidi ya miaka 2, na alisubiri miaka mingi zaidi kuzipata fedha zake. Hakuvuka mstari wa kwanza huku watu wakimshangilia, na hilo halilipiki. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya dawa hizi mwaka 2016, na bado kila mwaka tunasikia majina mapya. Tukimshusha Bonds, je, tutapitia na mabango yetu yote ya wakimbiaji?

Kwenye besiboli aliyedhulumiwa anatajika pia. Rekodi ambayo Bonds aliipita tarehe 7 Agosti 2007 ilikuwa ya Hank Aaron, homurani 755. Aaron alipokuwa akiikaribia rekodi ya Babe Ruth miaka ya 1973 na 1974, aliletewa barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa kuwa tu ni mtu mweusi anayeelekea kumpita Mzungu. Akaendelea kupiga. Usiku Bonds alipompita, Aaron hakuwepo uwanjani, lakini alituma pongezi zilizorekodiwa zikaonyeshwa kwenye ubao mkubwa. Huwa nafikiria ilimgharimu nini kuzisema.

Nina jambo langu pia, na si la kujisifu. Kijana wangu alipokuwa na miaka 15 alitaka sana kuingia timu ya shule. Mimi nilitaka zaidi yake, nikipiga hesabu ya ufadhili wa chuo kikuu. Nilimnunulia kopo la unga wa kujenga misuli kwa sababu tu muuzaji alisema vijana wote wanatumia. Sikusoma kibandiko. Miezi miwili baadaye ndipo nilipojua kwamba hapa Marekani bidhaa za aina hiyo huingia dukani bila serikali kuziidhinisha kwanza. Nilimwaga kopo lote. Mwanangu akaniuliza kwa nini nilimpa, na jibu nililokuwa nalo lilifanana sana na la Bonds: nilidhani ni kitu cha kawaida. Wazazi, tuulizane nyumbani tunamnunulia nani nini, na kwa tamaa ya nani.

Nimezungumza na mwanafunzi wetu. Hakufurahi mwanzoni, kwa sababu Bonds alipendwa na babu yake, na jezi namba 25 bado inaning'inia kabatini kwao. Amekubali kuandika upya, kwa maneno yake, bila msaada wangu. Jumamosi ijayo saa tano, baada ya chai, atasoma alichoandika mbele ya darasa, halafu tutajadili. Mzazi aliyelalamika amekubali kuzungumza wa kwanza. Viti ni vichache, atakayeweza aje na chake.