Vyuma vinavyoyeyuka mwilini na mgonjwa wa figo

Ndugu yetu mmoja wa Mikese ametuandikia kuhusu mzazi wake, mwenye maradhi ya figo ya muda mrefu, aliyevunjika mguu. Jamaa walioko ng'ambo wanashauri apelekwe India akawekewe vyuma vinavyoyeyuka vyenyewe, asije akapasuliwa mara ya pili kuvitoa. Anauliza kama kuna salama.

Swali ni la haki. Mikese imekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, na wakazi wake wanajua malori na bodaboda huacha nini nyuma yao. Tena figo zinapodhoofika kwa miaka mingi mifupa nayo hulegea, hata mzee akajikwaa uani kwake tu na kuvunjika nyonga. Katika hospitali zetu, majeruhi wa namna hii kwa kawaida huwekewa chuma kisichoshika kutu au titaniamu. Madini hayo hukaa mwilini bila kuyeyuka, na ndiyo maana wengine hurudishwa chumba cha upasuaji kuyatoa.

Wazo la chuma kiyeyukacho ni la zamani. Mwaka 1907 tabibu Albin Lambotte wa Ubelgiji alifunga mfupa wa mguu kwa bamba la magnesiamu. Kwa siku 8 tu likamong'onyoka, na gesi ikajaa chini ya ngozi. Elimu imesonga mbele tangu hapo. Mwaka 2013 skrubu ya magnesiamu iliyotengenezwa Ujerumani iliruhusiwa kutumika Ulaya, na wagonjwa wengi wenye figo nzima wamefaidika na skrubu za aina hiyo, hasa katika mifupa midogo ya miguu na mikono.

Lakini magnesiamu ikishayeyuka huingia damuni, na mlango wake mkuu wa kutokea ni figo. Akina mama waliowahi kulazwa kwa kifafa cha mimba huenda wanakumbuka jambo hili bila kujua sababu yake. Mkunga, kabla ya kuongeza sindano ya magnesiamu, hupima mkojo, hugonga goti na kuhesabu pumzi. Mkojo ukiwa haba, dozi husimamishwa. Magnesiamu ikizidi damuni mtu hulegea viungo, moyo hupiga polepole, na mwisho pumzi hukatika.

Upo pia mfano wa alumini. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu huko Newcastle, Uingereza, walivunjika mifupa ovyo na wengine wakapatwa na maradhi ya ubongo, kwa sababu maji ya kusafishia damu yalikuwa na alumini, nayo figo zao hazikuweza kuitoa. Tunaukumbusha mfano huu kwa kuwa baadhi ya aloi za magnesiamu huchanganywa na alumini.

Hata hivyo tusitishane kupita kiasi. Skrubu ndogo haifikii gramu moja. Nusu gramu ikiyeyuka kwa mwaka mzima, ni chini ya miligramu 2 kwa siku, na chakula chetu cha kila siku kina mamia ya miligramu. Kidonge kimoja cha kiungulia chenye magnesiamu, kile kinachouzwa duka la dawa bila cheti, hubeba makumi ya miligramu, ijapokuwa sehemu tu ndiyo hupenya damuni. Kwa hesabu hiyo, mzee anayetafuna vidonge hivyo kila usiku yumo hatarini kuliko mwenye skrubu moja. Bamba kubwa na skrubu nyingi kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha ni hesabu nyingine kabisa.

Linalotutia shaka zaidi ni mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wa figo mara nyingi huachwa nje ya majaribio ya vyuma hivi, kwa hiyo anayewaahidi usalama hana ushahidi wa kutosha mkononi. Pili, mfupa wa mgonjwa wa figo huunga polepole, na chuma kinaweza kupoteza nguvu kabla mfupa haujashikamana. Hapo upasuaji wa pili uliokuwa ukikimbiwa utakuja kwa mlango mwingine.

Kwa maoni yetu, mzazi huyu atumie chuma cha kawaida, na familia isiuze shamba kwa ajili ya safari. Mwili ni amana, na njia inayojulikana inamtosha. Akikiwezea, si lazima kitolewe; wazee wengi huishi nacho hadi mwisho wa umri wao.

Ikiwa bado wanataka kwenda, daktari wa figo na wa mifupa wazungumze kabla ya tiketi kukatwa. Waulizwe chuma ni aloi gani na ina nini ndani yake, uzito wake wote ni gramu ngapi, na nani atapima kreatinini na magnesiamu mgonjwa akisharudi nyumbani. Jina la chuma liandikwe kwenye cheti chake cha hospitali. Na katika siku hizi za kungoja, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu bila ya daktari kujua. Dawa hizo huzidi kuziumiza figo zilizo dhaifu, nazo zinapatikana katika kila duka la dawa kuanzia Mikese hadi Msamvu.